Shwari, Nchi Isiyowashwa

Msiniulize nilifikaje Shwari. Njia ilikuwa ndefu, miguu ilivimba, basi. Anayetaka habari za njia akamuulize muuza viatu. Mimi nataka kuwapa habari za watu, na nitazitoa kama nilivyoziona kwa macho yangu haya mawili, bila kutia chumvi. Mkiona chumvi, jueni ni ya wenyewe.

Naitwa Sengasu. Kwa miaka thelathini na mmoja nimesimamia josho la mifugo. Nimeogesha ng'ombe, mbuzi, kondoo, na mara moja mwenyekiti wa kijiji aliyeteleza. Kwa hiyo mambo ya ngozi nayajua, na sioni haya kusema kwamba nayajua kuliko wengi. Mnyama akisimama hatua hamsini kutoka nilipo, nitakuambia kama ana kupe, ana upele au ana maringo tu. Mke wangu husema najisifu mno. Ni kweli, lakini sijawahi kujisifia jambo nisilolijua.

Siku ya kwanza nilijisemea moyoni kwamba hawa ndio watu wenye adabu kuliko wote duniani. Wawili wakikutana njiani hawapeani mkono na kuachana. Huingiza vidole katikati ya vidole, wakasuguana polepole, macho yamelegea, huku wakiulizana habari za shamba, za mvua, za shangazi aliyeumwa mwaka juzi. Chai ingechemka wakiwa bado wanaamkiana. Wakipendezwa na jambo hawapigi makofi, husugua viganja. Mlangoni mwa kila nyumba pana nguzo ya mti wenye gome la kukwaruza, na mgeni kabla ya kuvua viatu huegemeza mgongo pale, akapanda na kushuka mara tatu. Niliambiwa ni heshima kwa mwenye nyumba. Nami nikaegemea, nikapanda, nikashuka. Heshima si utumwa.

Wakubwa wao huvaa majoho ya katani, magumu kama gunia la chumvi, na hutembea wakiyumbisha mabega. Nikadhani ni maringo ya cheo.

Walionishtua ni mbuzi. Mbuzi wote wa Shwari huvaa fulana! Nilimkuta mmoja amefungwa kando ya njia, amevaa fulana ya mistari, anajisugua ukutani hadi chokaa inamwagika. Nikainua fulana. Masikini, manyoya yalikuwa yamenyonyoka ubavu mzima, ngozi imekunjamana na kuota magamba.

"Lahaula! Huyu ana upele!" nikamwambia mwenyewe.

Akaishusha ile fulana upesi, uso umemwiva kana kwamba nimemfunua mama yake. "Mgeni," akasema, "mbuzi wetu wana staha."

Kwa desturi yao, mgeni wa mbali hulala kwa mkubwa. Mimi nilipewa nyumba ya Hakimu Mkuu, Mzee Lugendo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyepokea zawadi, asiyemkatiza mtu maneno, wala kuegemea kiti mbele ya watu. Alikuwa mtu mwema, na nasema hivyo nikiyajua yote mtakayoyasikia. Nyumbani mwake alikaa na mkewe, Bi Ngollo, na binti yao Nyamizi aliyefiwa na mume, na mtoto wa Nyamizi, Kalunde, wa miezi mitano.

Kwenye chakula cha kwanza, Mzee Lugendo alinifundisha nchi yake.

"Sheria yetu ya kwanza ni fupi," akasema. "Inasema hivi: Mwananchi wa Shwari hawashwi."

"Haruhusiwi kujikuna?"

"La. Hawashwi. Sheria haiwezi kukataza kitu ambacho hakipo."

"Na akiwashwa?"

"Basi si mwananchi. Palikuwa na kosa siku ya kumwandika. Huvushwa daraja, akaenda Ng'ambo."

"Mmeshavusha wananchi wangapi, Mheshimiwa?"

"Wananchi?" Akamega tonge. "Hata mmoja."

Hakuwa anatania. Na wakati wote huo kiwiko chake kilikuwa kinakwenda mbele na nyuma juu ya mkono wa kiti, mkono uliochongwa meno kama msumeno. Viti vyote vya wakubwa huko huchongwa hivyo. Wenyewe huita nakshi.

Nikauliza Ng'ambo ni mahali gani. Bi Ngollo akajibu kabla ya mumewe. "Mahali pananuka," akasema, akaondoa sahani.

Hapo ndipo nilipoelezwa habari ya mkeka. Mtoto wa Shwari haandikwi anapozaliwa. Husubiriwa atimize miezi sita, halafu huvuliwa nguo, akaketishwa peke yake juu ya mkeka katikati ya Baraza, mbele ya Hakimu na mashahidi watatu. Juu hutundikwa mtungi wenye tundu dogo. Maji yakiisha kudondoka na mtoto hajajikuna, huandikwa mwananchi, na watu wakasugua viganja kwa furaha. Akijikuna, huvushwa.

"Pamoja na mama yake?" nikauliza.

"Mama ni mwananchi," akasema Mzee Lugendo. "Mwananchi hana la kufanya Ng'ambo. Wapo wazee kule hupokea watoto."

Zamu ya Kalunde kukaa mkekani ilikuwa imebaki siku ishirini na tatu. Nyamizi alikuwa anampakata. Nikaona mikono ya mtoto imetiwa ndani ya vifuko vya kitambaa vilivyofungwa vifundoni, na mtoto anavitafuna kwa hasira.

Siku ya tatu nilimkuta Nyamizi uani anamwogesha. Vifuko alikuwa amevivua. Nikachutama, nikaangalia bila kuombwa, maana miaka thelathini na mmoja haiondoki kwa safari. Vipele vilijaa viganjani na kwenye nyayo, baina ya vidole, makwapani, makalioni, na vingine vilishaanza kutunga usaha. Mtoto alijisugua mguu kwa mguu, analia kilio kile cha kuchoka.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Huu mwezi wa pili, baba."

"Na wewe?"

Akatazama mlango, kisha akapandisha mikono ya kanzu. Sikuhitaji kuona zaidi.

"Baba mgeni," akasema kwa kunong'ona, "kwenu kuna dawa?"

"Ipo. Wala si uchawi. Huyu ni mdudu mdogo, hata jicho halimwoni, anachimba vijia chini ya ngozi na kutaga mayai. Unapaka salfa mwili mzima siku tatu mfululizo, nguo na shuka unazichemsha. Lakini wanapakwa wote wanaolala nyumba moja, na siku moja, anayewashwa na asiyewashwa. Ukimwacha mmoja umetwanga maji kwenye kinu."

"Wote?"

"Wote."

"Na baba?"

"Hata baba."

Akacheka, maskini, kicheko cha mtu aliyetumwa akakamue simba. Kisha machozi yakamtoka. "Wakimvusha huyu nitakufa," akasema. "Sina mwingine. Baba yake alinifia mikononi, na huyu niwaachie wazee nisiowajua? Nitakufa, baba."

Nilikuwa na kopo moja la marhamu ya salfa mkobani. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Lugendo, kifua mbele, maana nilijua hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuikataa hoja yangu.

"Dawa ya nini?" akauliza kwa upole.

"Ya upele."

"Nani ana upele?"

"Mjukuu wako."

"Mjukuu wangu ni mtoto wa Shwari."

"Hajaandikwa bado."

"Ataandikwa."

"Mheshimiwa," nikasema, nimeanza kupandwa na mori, "hapa hapa tunapozungumza unajikuna kwenye kiti!"

Akakitazama kiwiko chake kama cha mtu mwingine, akakituliza. "Nilikuwa nafikiri," akasema.

Nifanye nini na mtu wa namna hiyo? Nilitoka nje nikamtukana mbuzi asiye na hatia.

Bi Ngollo akaniita jikoni. Yeye ndiye aliyembeba Kalunde mgongoni kutwa nzima Nyamizi akiwa kisimani na shambani. "Mpake mtoto," akaniambia. "Mpake na mama yake. Mimi niache. Mke wa Hakimu akinuka salfa, mji mzima utasikia kabla hajafika sokoni."

Nikakubali. Hapo nilikosea, na nasema wazi nilikosea. Kanuni niliijua kama jina langu, nikaivunja kwa kuwa nilikuwa nakula ugali wa mama yule na nikamwonea haya. Tulimpaka mtoto, tukampaka Nyamizi. Ngozi ikatulia, mtoto akaanza kulala. Kisha bibi akambeba kama kawaida, na zilipobaki siku tisa vipele vipya vikatoka baina ya vidole. Kopo lilikuwa limekauka.

Nikaomba kusema Barazani. Lazima niwaeleze habari za Baraza lile, maana sijapata kuona wasomi wengi kiasi kile mahali pamoja. Wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema kwamba katika nchi nyingine, ambako watu huwashwa, upele hutoka kwa mbuzi ukaenda kwa mtu. Kundi la pili linasema kwamba katika nchi hizo hizo nyingine, upele hutoka kwa mtu ukaenda kwa mbuzi. Mjadala una miaka thelathini. Kuna vitabu. Kuna ndugu wa tumbo moja wasiozikana kwa ajili yake. Nguzo za ukumbi ule zimelika kwenye kimo cha mabega ya mtu mzima, zikang'aa kama zimepakwa mafuta, na kila msemaji akimaliza hoja hurudi kwenye nguzo yake.

Nikasimama nikawaambia. Nilisema kila mmoja ana mdudu wake. Wa mbuzi akimpanda mtu humsumbua siku chache akafa, wa mtu hukaa na mtu mpaka aondolewe. Nilisema wakati ninyi mnabishana nani kamwambukiza nani, hajaogeshwa mbuzi wala mtu. Nikawaambia mficha maradhi kilio humuumbua, na kwamba wakinipa siku tatu na unga wa salfa wa kutosha nitaimaliza shida hii nchi nzima. Nilisema vizuri, wallahi. Walinisugulia viganja kwa muda mrefu hata nikadhani nimeshinda.

Mkuu wa Baraza akasimama. "Tunamshukuru mgeni," akasema, "kwa maelezo yake ya kusisimua kuhusu nchi nyingine. Kwa kuzingatia hotuba yake, naunda kamati ya kuchunguza kama fulana za mbuzi ziongezwe mikono."

Wakasugua tena.

Siku ya mkeka ikafika. Nyamizi alikuwa amemkata mtoto kucha mpaka nyama, akamkanda kwa maji baridi tangu alfajiri. Vifuko vya mikononi vikavuliwa mlangoni, ndiyo sheria. Kalunde akaketishwa mkekani, uchi, tumbo mbele, akatazama dari, akatazama watu. Akamwona babu yake kwenye kiti cha juu, akamchekea kwa ufizi. Mzee Lugendo hakucheka. Maji yakaanza kudondoka.

Sijapata kuomba dua kwa ajili ya mtungi, ila siku ile niliomba. Mtoto akasugua mguu kwa mguu. Shahidi mmoja akainama mbele. Mtoto akatulia. Akacheza na ncha ya ukili wa mkeka. Maji yakapungua hadi nikaanza kuhesabu matone, na Nyamizi kando yangu alikuwa ameniminya mkono hadi ukafa ganzi. Yalikuwa yamebaki matone machache tu pale Kalunde alipokunja uso, akanyanyua mikono yote miwili, akajikuna tumbo kwa nguvu zake zote huku akilia.

Mashahidi watatu wakasimama.

"Mtoto huyu si wa Shwari," akasema Mzee Lugendo. Sauti ilikuwa ile ile ya chini. "Palikuwa na kosa. Avushwe."

"Baba!" Nyamizi akapiga ukelele.

"Barazani hakuna baba."

Askari wa daraja akasogea kumchukua mtoto. Ndipo Bi Ngollo aliponyanyuka kutoka viti vya wake wa wakubwa. Alikwenda taratibu, hana haraka, akampita askari, akaketi mkekani pembeni ya mjukuu wake. Akavua mtandio. Akajikuna.

Alianza na vifundo vya mikono. Akaja viwiko, mbavu, chini ya matiti, kiunoni. Alijikuna kwa kucha zote kumi kama anayefungua chakula baada ya mfungo, na ukumbi mzima ukasikia ile kwaru, kwaru ya kucha juu ya ngozi kavu.

"Mama Nyamizi," akasema Mzee Lugendo, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akikosa pumzi. "Rudi kitini. Rudi sasa hivi, bado naweza kusema sikuona."

"Umeona," akasema Bi Ngollo. "Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo, na mimi nimejipata hapa. Nawashwa, Lugendo. Nawashwa tangu mwaka uliponioa, na ulinioa ukiwa unawashwa. Nilimkataa huyu mgeni na dawa yake kwa ajili ya joho lako, nikamrudishia mtoto ugonjwa kwa mgongo wangu huu. Andika jina langu chini ya lake. Kalunde havuki peke yake."

Mzee Lugendo alishika mikono ya kiti, akasogea mbele. Nilikuwa na hakika atashuka kwenye kile kiti. Nilikuwa tayari kumsamehe kila kitu.

"Avushwe naye," akasema.

Nyamizi hakungoja. Alijikuna shingo mbele ya mashahidi, akamnyanyua mwanawe. Karani aliyekuwa anaandika akajikuna sikio kwa kalamu, akaiweka chini, akawafuata. Wakatoka wengine kumi na saba. Waliobaki wote walikuwa wameikalia mikono yao. Mimi nilitoka wa mwisho, na mlangoni niliipiga ile nguzo ya heshima teke.

Tulipofika katikati ya daraja upepo ukatuletea harufu ya mayai viza. Bi Ngollo akaziba pua. Mimi nikasimama, nikavuta pumzi, nikacheka mpaka askari akadhani nimerukwa na akili. Harufu ile naijua. Ng'ambo pana chemchemi ya maji moto, na ukingo wake wote umegandamana unga wa njano. Ni salfa tupu! Kwa miaka yote ile Shwari ilikuwa inawatupa wagonjwa wake kwenye ghala la dawa.

Mtauliza, basi kwa nini watu wa Ng'ambo walikuwa bado wanawashwa? Niliuliza hivyo hivyo. Unga waliujua siku nyingi. Kila mmoja aliupaka kwa siri nyuma ya nyumba yake, akapona, akalala na asiyepaka, akaanza upya. Na kila mmoja aliniambia kwamba yeye yupo pale kwa muda tu, anangoja karatasi zake zirekebishwe, wenye upele hasa ni wale wa bondeni. Wa bondeni wakanielekeza kwa wa kilimani. Walivuka daraja na aibu yao yote, haikupungua hata chembe.

Kazi ile hakuifanya bwana mimi. Aliifanya Nyamizi. Alipita nyumba kwa nyumba, Kalunde kiunoni, mikono ya mtoto wazi bila vifuko, na yake mwenyewe wazi. "Shikamoo mama. Mimi nawashwa, na mwanangu anawashwa. Ijumaa tunapaka. Wote, siku moja, hata asiyewashwa." Mtu akianza kusema habari za bondeni, Nyamizi aliketi mlangoni na kusema atangoja. Aliwangoja watu wengine siku nzima. Kufikia Alhamisi hakuna nyumba iliyobaki.

Tulisaga salfa, tukaichanganya na mafuta ya kondoo. Watu mia tatu na ushee walipakana, mgongo kwa mgongo, wazee kwa watoto, mpaka kijiji kizima kikawa cha njano na kunuka vibaya sana. Masufuria yalichemsha nguo mchana kutwa. Mbuzi nikawavua fulana, nikachimba josho, nikawatumbukiza mmoja mmoja kwa mikono yangu, na hapo, sikatai, nilijiona mfalme.

Nilikuwa nimesimama natoa amri Nyamizi aliponijia na bakuli. "Na wewe, baba?"

"Mimi mgeni."

"Vua shati."

Nilikuwa najikuna siku ya nne ile, na nilikuwa nimejiambia ni mbu. Mimi, Sengasu wa josho! Nikavua shati, nikageuka ukutani, na nikamsikia Bi Ngollo anacheka nyuma yangu hadi akakohoa.

Siku ya kumi walinijia kwa hasira. Bado walikuwa wanawashwa. Mtu mmoja alishika jiwe. "Dawa yako ya uongo!" wakapiga kelele.

"Mdudu amekufa," nikawaambia, "ila mizoga yake bado imo ngozini, na ngozi inaikataa. Ngojeni wiki tatu. Ijumaa ijayo tunapaka tena, na mbuzi wanarudi joshoni. Baada ya hapo mkiona kipele kipya, hata kimoja, nitupeni chemchemini."

"Tutakutupa kweli," akasema Bi Ngollo, na hakutabasamu.

Niliongea kwa kujiamini, lakini wiki zile nilikuwa naikagua miguu ya Kalunde kila asubuhi kabla sijanawa uso. Vipele vilikauka, vikabaki alama, alama zikafifia. Asubuhi moja nilimkuta amelala chali kivulini, viganja wazi, amemshika mbuzi sikio, ametulia. Nililia. Mtu mzima, nimeshika ndoo ya josho, nalia kama nimefiwa.

Habari ilivuka daraja yenyewe. Kila asubuhi walifika wawili, watatu, wengine wakiwa na majoho. Nyamizi akaweka sheria ya Ng'ambo, na ilikuwa moja tu: anayevuka hupakwa, haulizwi kitu. Nguo zake zinaingia sufuriani, na hambebi mtoto wa mtu mpaka siku tatu ziishe.

Mzee Lugendo alikuja mwezi wa pili tangu tuvuke. Alikuja peke yake, kwa miguu, katika joho lake la katani, akasimama mwisho wa daraja. Alikuwa amekonda. Kalunde alikuwa kiunoni mwa mama yake, na alipomwona babu akanyoosha mikono.

"Nimekuja kumwona mjukuu wangu," akasema. "Mimi siwashwi."

"Sikukuuliza, baba," akasema Nyamizi. "Vua joho. Siku tatu, halafu utamshika."

Sikujua atafanya nini. Alitazama nyuma, kwenye nchi yake. Alimtazama mtoto. Kisha akafungua vifungo kimoja kimoja, na joho lilipoanguka nikaelewa kwa nini mtu yule hakuwahi kuegemea chochote kwa muda mrefu mbele ya watu. Mgongo mzima ulikuwa kidonda kimoja, makovu ya zamani juu yake magamba mapya, juu yake damu ya jana. Alikuwa amekaa hivyo kitini, amehukumu watu, kwa sauti ile ya chini. Nyamizi akageuza uso.

Bi Ngollo akamnyang'anya binti yake bakuli. Akamketisha mumewe juu ya jiwe, akapiga magoti nyuma yake, akaanza kumpaka. Mzee Lugendo alikaa wima kama yuko Barazani, macho mbele, mikono magotini. Mkono wa mkewe ulishuka mabegani, ukapita kwenye uti wa mgongo, ukaenda kando.

"Juu kidogo," akasema.

Mkono ukapanda.

"Hapo. Hapo hapo." Akainamisha kichwa. "Mama Nyamizi, hapo panawasha. Panawasha sana."

"Najua," akasema Bi Ngollo, akachota dawa nyingine.